Mbwa mkubwa wa kulinda: dume ao jike?

Wewe mfugaji, umekwisha kujenga zizi, mbuzi wako wanalala ndani, na sasa unataka mbwa. Hutaki mbwa mdogo wa kijiji. Unataka mbwa mkubwa, ambaye mwizi akisikia sauti yake usiku atarudi kwa njia aliyojia. Katika Goma, Bukavu, Lubumbashi na miji mingine wako watu wenye kuzalisha mbwa hao. Unafika kwao, wanakufungulia mlango, unaona watoto wa mbwa 8 wanacheza pamoja juu ya majani. Mwenyewe anakuuliza: «Unataka dume ao jike?»

Hapo watu wengi wanajibu upesi. Mmoja anasema: «Dume», kwa sababu dume ana kichwa kikubwa na jirani wataogopa. Mwingine anasema: «Jike», kwa sababu anahesabu katika moyo wake watoto atakaouza. Wote wawili wamejibu mbele ya kufikiri. Mbwa mchungaji wa Ujerumani anaishi miaka 9 hata 13. Ukikosea leo, kosa hilo utalilisha kila siku mpaka mtoto wako wa darasa la kwanza awe kijana. Basi keti kidogo, usome, ndipo utoe franka zako.

Ukubwa unaleta tofauti

Katika mbwa wadogo, dume na jike wanakaribiana. Angalia basenji, mbwa wa kwetu Kongo, yule mwenye mkia wa kujikunja na asiyebweka kama wengine. Dume ana urefu wa santimetri 43 kutoka chini hata mabega, na uzito wa kilo 11. Jike ana santimetri 40 na kilo 9 na nusu. Tofauti ni kilo moja na nusu tu. Mtoto wa shule anaweza kumshika yeyote wa hao wawili.

Sasa mwangalie mchungaji wa Ujerumani, yule ambaye watu wengi wanamwita mbwa wa polisi. Dume anafika santimetri 60 hata 65, na kilo 30 hata 40. Jike anafika santimetri 55 hata 60, na kilo 22 hata 32. Mbwa wa Saint-Hubert, mwenye masikio marefu, anayejua kufuata harufu kupita wote, yeye ni mzito zaidi: dume kilo 46 hata 54, jike kilo 40 hata 48. Mbwa wa Malines wa Ubelgiji ni mwepesi: dume kilo 25 hata 30, jike kilo 20 hata 25.

Hesabu hizo si za kupamba karatasi. Mbwa wa kilo 38 akivuta kamba kwa sababu ameona mbwa mwingine ngambo ya barabara, nani atamzuia? Wewe mwenyewe labda. Lakini wewe hushindi nyumbani. Asubuhi uko shambani, ao umepanda pikipiki kwenda sokoni. Anayebaki na mbwa ni mke wako, ao mama yako mzee, ao mtoto wa miaka 12 ambaye uzito wake ni sawa na wa mbwa. Kwa hiyo ulizo la kwanza ni hili: mbwa huyu ataongozwa na nani siku ambazo sipo? Mbwa asiyeweza kushikwa na watu wa nyumba atafungwa mnyororo mchana na usiku, na mbwa wa mnyororo wa siku zote anageuka kuwa mkali kwa watu wa nyumba vilevile.

Tena kuna chakula. Mwili mkubwa unakula zaidi, iwe ugali, maharagwe, ndagala ao mabaki ya machinjoni. Dume wa kilo 38 atakula kupita jike wa kilo 28, leo, kesho na miaka 10 yote. Kama katika miezi ya njaa unapima unga wa watoto kwa kikombe, usisahau jambo hilo.

Jike analinda sawa na dume

Watu wanasema: «Jike hawezi kulinda, yeye ni wa kuzaa tu.» Maneno hayo si ya kweli. Katika kazi za polisi na za askari wanatumika madume na majike. Katika Namibia, tangu mwaka 1994, wafugaji wanapewa mbwa wakubwa wa kizazi cha Anatolia, katika nchi ya Uturuki, ili walinde mbuzi na kondoo mbele ya duma na chui. Wanapewa madume na majike pia. Hata kwetu, katika Parke ya Virunga, kazi ya kufuata nyayo za wawindaji wasio na ruhusa kwa mbwa wa Saint-Hubert ilianza mwaka 2011, na pua ya jike si fupi kuliko pua ya dume.

Kinachomfanya mbwa kuwa mlinzi ni wazazi wake na malezi yake. Mtoto wa baba na mama waoga atakuwa mwoga, awe dume ao jike. Mtoto aliyefungwa katika chumba cha giza hata miezi 4, asiyeona watu, mbuzi wala pikipiki, ataogopa vyote hivyo akiwa mkubwa, na mbwa mwenye hofu anauma upesi. Dume wa kizazi kikubwa anakawia kupata akili ya mtu mzima. Mara nyingi hata miaka 2 anafanya mchezo wa kitoto na mwili wake ni wa simba. Jike anatulia mapema kidogo. Ndiyo maana mtu asiyezoea mbwa mkubwa anamfundisha jike kwa taabu ndogo. Lakini usichukue neno hilo kuwa sheria. Nimeona majike wakaidi kama punda.

Kama kulinda hakuwatengi, basi kitu gani kinawatenga? Taabu wanazoleta. Taabu ya jike ina tarehe. Taabu ya dume haina tarehe. Shika neno hilo, kwani ndilo fundisho lenyewe.

Taabu ya jike

Jike wa kizazi kikubwa anaanza kutaka dume akiwa na umri wa miezi 8 hata 12. Wengine wanakawia hata mwaka na nusu. Kisha hali hiyo inarudi kila miezi 6 ao 7, na kwa mbwa wakubwa sana labda mara moja tu kwa mwaka. (Basenji anapumzisha watu wake: kwa kawaida mara moja kwa mwaka.) Dalili zake utaziona: uke unavimba, anajilamba, matone ya damu yanaanguka chini. Siku 9 za kwanza, ao karibu, madume wanamfuata lakini anawakatalia. Kisha damu inageuka rangi na kuwa kama maji ya nyama, naye anageuza mkia pembeni na kukubali. Siku za kukubali ni karibu 9 tena. Yote pamoja ni majuma 3.

Watu wanaharibu hapa. Wanamfungia siku za damu, na damu ikipungua wanamfungulia wakifikiri mambo yamekwisha. Wamemfungulia siku ileile anayokubali dume! Hesabu majuma 3 kamili tangu tone la kwanza, uongeze siku chache. Uandike tarehe katika daftari, ndipo utajua taabu itakayofuata itakuja mwezi gani.

Tena kumfunga mnyororo uani si kumfungia. Mnyororo unamzuia yeye asitoke, lakini hauzuii madume kuingia. Watakuja 5, watakuja 10, kutoka mitaa usiyoijua, watapigana mbele ya mlango wako, watachimba chini ya ua. Sharti uwe na chumba chenye mlango wa mbao ngumu, paa, na sakafu isiyochimbika. Jike mmoja anaweza kupandwa na madume 2 ao 3 katika siku hizo na kuzaa watoto wa baba mbalimbali katika uzao mmoja.

Ukiwakuta wamekwisha kupandana na wameshikamana, usiwapige, usiwamwagie maji ya moto, usiruhusu watoto kuwavuta ao kuwatupia mawe. Wanashikamana hivyo kwa robo ya saa, pengine nusu saa na zaidi, kisha wanaachana wenyewe. Ukiwatenganisha kwa nguvu utawaumiza wote wawili, na mimba haitazuilika, kwani mbegu imekwisha kuingia.

Mimba ni siku 63, zaidi ao pungufu kwa siku chache. Mbwa mkubwa anazaa watoto 8, mara nyingine 10 na kupita. Hapa wenye ndoto ya kuuza wanafungua macho. Mama anayenyonyesha watoto 8 anakula mara 2 ao 3 kuliko desturi yake. Watoto sharti wapewe dawa ya minyoo tangu juma la 2, na tena kila majuma 2, maana minyoo yao inaingia katika watoto wa watu vilevile. Hufai kuwatoa kwa mama mbele ya majuma 8. Tangu juma la 4 wanakula kwako, wanachafua kwako. Na kama baba yao ni mbwa wa njiani, nani atatoa bei ya mchungaji wa Ujerumani? Utawagawa bure, na wasiochukuliwa watatupwa barabarani, bila chanjo, mpaka mmoja wao akutane na kichaa cha mbwa na kumwuma mtoto wa jirani. Jambo hilo si hadithi ya kutisha watu. Mtu akikwisha kuonyesha dalili za kichaa cha mbwa, karibu hakuna anayepona.

Kuna maneno ya uongo yanayotembea. Wanasema jike akipandwa mara moja na mbwa wa kijiji, damu yake imeharibika na watoto wote wa baadaye watakuwa wabaya. Si kweli, kila uzao una baba yake. Wanasema tena sharti azae mara moja ndipo awe na afya. Hilo pia si kweli.

Neno la mwisho juu ya jike: miezi 2 baada ya siku zake, hata kama hakuona dume, anaweza kuvimba chuchu, kutoa maziwa, kuchimba shimo na kulinda kiatu chako kama mtoto wake. Ni mimba ya uongo. Usimkamue, usimpige. Itapita.

Taabu ya dume

Dume hana majuma 3 mabaya. Yeye yuko tayari siku zote za mwaka. Jike wa mtaa wa mbali akiwa na siku zake, upepo unaleta habari, na dume wako anajua kukuzidi wewe. Anaacha kula, analia usiku, anaruka ua. Mlinzi wako ametoka kazini, na hakukuomba ruhusa. Mwizi mwenye akili anaweza kuja na jike aliye katika siku zake, na mlango wako unabaki bila mtu.

Na huko anakokwenda atakutana na madume wengine. Watapigana. Atarudi na sikio limepasuka, ao mguu umetobolewa, nawe hujui meno yale yalikuwa ya mbwa gani. Kama hajachanjwa, jeraha hilo laweza kuwa mwanzo wa kichaa katika nyumba yako. Usimshike jeraha kwa mkono mtupu. Na mtu akiumwa ao akikwaruzwa na mbwa yeyote wa namna hiyo, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, umpeleke hospitali siku ileile ili apewe sindano za kuzuia. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Iko hasara nyingine ambayo watu hawaisemi kwa haya. Katika nchi zetu kuna uvimbe unaopita kutoka mbwa hata mbwa kwa kupandana. Dume anaonyesha nyama nyekundu katika sehemu yake ya siri, inatoa damu kidogo kidogo. Jike anaupata vilevile. Mwenye mbwa anafikiri ni jeraha. Dawa iko, nayo inaponya wengi, lakini inapigwa katika mshipa, mara moja kila juma kwa majuma kadhaa, na mganga wa nyama peke yake ndiye aweza kuitoa. Mbwa asiyetanga hapati ugonjwa huo.

Dume tena anainua mguu. Ataweka alama juu ya nguzo ya nyumba, juu ya gunia la mahindi, juu ya pikipiki ya mgeni, juu ya sombe uliyoikata na kuiweka kando ya mlango. Ni desturi yake ya kusema: «Hapa ni pangu.» Utamfundisha asifanye ndani ya nyumba; nje hutashinda. Weka magunia juu ya kitanda cha miti.

Lakini tusimseme dume kwa ubaya tu. Hazai chini ya kitanda chako. Hageuki tabia kwa sababu ya miezi. Sauti yake ni nzito, na mwili wake peke yake unafukuza watu ambao wangelijaribu jike mwembamba. Kama ua wako ni wa matofali na mlango wake ni wa chuma, nusu ya taabu zake haziingii. Ndiyo sababu nasema: mbele ya kumwangalia mbwa, angalia ua.

Kumkata ao kumwacha

Mtu atasema: «Nitamhasi dume, nitamtoa jike kizazi, na taabu zote zimekwisha.» Nyingi zinakwisha, ndiyo. Dume aliyehasiwa anatanga kidogo, anapigana na madume wengine kidogo. Jike aliyetolewa kizazi hana siku, hana watoto, hana madume mlangoni. Wala hawaachi kulinda, kwani kulinda hakukai katika mapumbu. Lakini usitumaini kwamba kuhasi kutamponya mbwa anayeuma wageni kwa hofu. Ubaya huo unatoka katika malezi.

Kwa mbwa wakubwa kuna jambo la wakati. Mwaka 2016 waganga wa nyama wa Chuo Kikuu cha California, huko Davis katika Marekani, walitoa hesabu ya wachungaji wa Ujerumani zaidi ya 1,000. Kati ya madume wasiohasiwa, 7 kwa 100 walipata ugonjwa wa viungo. Kati ya madume waliohasiwa mbele ya kutimiza mwaka mmoja, 21 kwa 100. Kwa majike ilikuwa 5 kwa 100, na 16 kwa 100 kwa waliotolewa kizazi mbele ya mwaka. Tena kati ya majike hao waliokatwa mapema, 7 kwa 100 walipata taabu ya kutoshika mkojo. Maana yake ni kwamba mifupa ya mbwa mkubwa inakawia kukomaa, na maji ya uzazi katika damu yanaisaidia. Basi kwa mbwa wa namna hiyo ngoja apite mwaka mmoja, kama ua wako unakuruhusu kungoja. Kama ua hauruhusu, ongea na mganga wa nyama. Afadhali mbwa aliyekatwa mapema kuliko watoto 8 barabarani.

Jike asiyekatwa ana hatari yake pia. Majuma machache baada ya siku zake, kizazi kinaweza kujaa usaha. Katika nchi ya Uswidi hesabu zilionyesha kwamba karibu robo ya majike wasiokatwa wanapata ugonjwa huo mbele ya miaka 10. Akinywa maji mengi kuliko desturi, akikataa chakula, akilala tu, mwezi mmoja ao miwili baada ya siku zake, usingoje hata kesho. Mara nyingine usaha unatoka nje na utauona. Mara nyingine mlango wa kizazi umefungwa, na huo ndio mbaya zaidi.

Hapa nakuonya kwa nguvu. Watu wanakwenda katika duka la dawa kununua sindano ya wanawake ya kuzuia mimba, wanampiga nayo jike. Wanaona siku zake hazikuja, wanafurahi. Sindano hiyo inaleta usaha katika kizazi na uvimbe katika chuchu. Umeokoa franka kidogo, umemwua mbwa kwa polepole.

Kumhasi dume ni kazi ndogo, kidonda kiko nje. Kumtoa jike kizazi ni kufungua tumbo, na bei yake ni kubwa zaidi. Uliza bei zote mbili kwa mganga wa nyama wa mahali pako mbele ya kununua mtoto, si baada. Kama huko kwako hakuna mganga mwenye kujua kazi hiyo, na safari ya mjini ni siku 2, basi hesabu kwamba mbwa wako atabaki kama alivyozaliwa, nawe uchague kwa kufuata hilo.

Tuseme ni wewe

Tuseme unakaa katika milima ya Lubero. Una mbuzi 14, watoto 5, ua wa matete na miti, hakuna mbwa mwingine nyumbani. Mbwa wa jirani wanazunguka usiku. Ua wa matete hautamzuia dume wa kilo 38 aliyesikia harufu. Atautoboa kama karatasi, na atatoka usiku wowote. Jike pia hatalindwa na ua huo, lakini yeye unamhitaji kumlinda majuma 3, mara 2 kwa mwaka. Jenga kibanda kimoja kigumu chenye mlango. Usiku mwingine wote wa mwaka mlinzi wako yuko karibu na mbuzi. Mimi ningekupa jike bila kusita. Lakini kibanda kijengwe kwanza, mbwa aje pili. Mtu anayesema «nitajenga baadaye» atakuwa na watoto wa mbwa mbele ya kuwa na misumari.

Tuseme unakaa Lubumbashi, lupango lako lina ukuta wa matofali, mlango wa chuma, na una jike mzee wa kijiji. Hapo usilete jike wa pili. Majike wawili wanaokaa nyumba moja, wakianza kuchukiana, wanapigana vibaya kuliko madume, na hawasahau. Lete dume, ukijua kwamba mmoja wao sharti akatwe. Jike wa kilo 10 akibeba mimba ya dume wa kilo 38, kuzaa kwaweza kumwua.

Tuseme una dume tayari, mkubwa, na unataka mwenzake. Madume wawili wanaweza kukaa kwa amani mpaka siku jike apite njiani. Chukua jike, na shika neno lilelile la kukata.

Wala usinunue kaka na dada wa uzao mmoja kwa sababu umepunguziwa bei. Watafundishana wenyewe badala ya kufundishwa nawe, na siku ya kwanza ya dada haitamwuliza kaka kama ni ndugu.

Kuna watu ambao nisingewapa yeyote wa hao wawili: mtu asiye na ua wala kibanda, mtu anayeondoka miezi 3 kwenda machimboni, na mtu anayekaa penye mbung'o wengi. Mbwa wa kizazi cha Ulaya akiumwa na mbung'o anapata nagana, macho yanageuka meupe, naye anakufa upesi. Kupe nao wanampa homa na mkojo mwekundu. Mahali kama hapo mbwa wa kijiji, ambaye watu wanamdharau, anashinda mbwa wa bei kubwa.

Kumchagua mtoto mwenyewe

Umekwisha kuamua dume ao jike. Sasa rudi kwa mwenye mbwa, uombe kumwona mama. Kama mama anakuonyesha meno bila kutulia hata mwenyewe yupo, ao anajificha kwa woga, usinunue mtoto wake yeyote. Angalia mama anavyotembea: akiyumba matako na kuinuka kwa taabu, nyonga zake zaweza kuwa mbovu, na watoto wanarithi.

Kwa dume wa majuma 8, shika kwa upole kati ya miguu ya nyuma: mapumbu 2 yawe yameshuka. Kama ni 1 tu, labda la pili litashuka bado, lakini likikaa tumboni mpaka akiwa mkubwa, laweza kugeuka uvimbe mbaya, na ubaya huo wanarithi watoto wake. Punguza bei ao chagua mwingine. Kwa jike, angalia kitovu: kikitokeza kama yai dogo, kuna tundu katika nyama ya tumbo. Angalia pia chini ya mkia pawe pakavu, bila usaha wala upele.

Piga makofi. Mtoto mzuri anashituka, kisha anakuja kuona ni nini. Yule anayekimbia chini ya kitanda na kukaa huko, mwache. Yule anayeuma vidole vyako bila kuachilia na kumkanyaga kila ndugu, mwachie mtu mwenye kuzoea mbwa, hasa kama ni dume.

Akifika kwako, mlishe mara 3 kwa siku, kisha mara 2 akiwa mkubwa. Usimpe sahani moja kubwa na kumkimbiza baada yake, kwani tumbo la mbwa mkubwa linaweza kujisokota, na hapo anakufa kwa saa chache. Usimnenepeshe akiwa mdogo ili awe mkubwa upesi. Dume hasa anaharibika miguu. Chanjo ya ugonjwa wa kuhara damu inaanza karibu na juma la 6 ao la 8, na inarudiwa hata juma la 16. Chanjo ya kichaa ni akiwa na miezi 3, tena baada ya mwaka mmoja, kisha kama mganga atakavyosema.

Nunua daftari ya kurasa chache. Ukurasa wa kwanza andika siku aliyozaliwa na chanjo zake. Kama ni jike, acha ukurasa wa pili wazi, uupigie mistari: siku ya tone la kwanza, siku ya kufungwa, siku ya kufunguliwa. Itundike juu ya msumari ndani ya mlango wa kibanda, ili mke wako aione hata siku ambayo wewe hupo.